Haldane: Mtu aliyeuweka mwili wake rehani ili wazamiaji warudi salama

KAMPALA. Boti inapozama Ziwa Victoria upande wa Uganda, ndugu wa abiria husubiri neno kutoka Naguru. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Jeshi la Polisi la Uganda, na huko ndiko hutoka taarifa za waliookolewa, waliofariki na ambao bado wanatafutwa. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2018, boti ya starehe ilipozama katika wilaya ya Mukono, na wazamiaji wa polisi na wa jeshi wakaingia majini kutafuta miili.

Miezi miwili kabla ya hapo, Tanzania ilikuwa imelia. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wakitoka gulioni. Mwaka uliofuata, zamu ilikuwa ya Kenya. Gari lilitumbukia baharini kutoka kivuko cha Likoni, Mombasa, na wazamiaji wakahitaji karibu wiki mbili kulifikia kwenye kina cha takriban mita 58.

Kila msiba wa namna hii unapotokea, watu waliokusanyika ufukweni huuliza swali moja: kwa nini wazamiaji wanachelewa? Mbona wanashuka dakika chache, kisha wanapanda polepole kana kwamba hakuna haraka?

Jibu la swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika maisha ya Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1964. Jina lake ni John Burdon Sanderson Haldane, na wanasayansi wengi humwita kwa herufi tu, JBS. Alijifungia kwenye vyumba vya chuma, akavuta gesi za sumu, akavunjika mifupa ya mgongo, na kazi yake ikasaidia kujua ni kiasi gani cha oksijeni kinamwokoa mzamiaji na ni kiasi gani kinamuua.

Mtoto wa mtafiti wa hewa

Haldane alizaliwa Oxford, Uingereza, Novemba 5, 1892. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa mtafiti wa upumuaji. Kazi yake ilikuwa kuchunguza hewa inayoua watu migodini, kwenye mahandaki na viwandani, na hakuona vibaya kumchukua mwanawe katika safari hizo.

Akiwa bado mdogo, mtoto huyo alishushwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Baba yake alimsimamisha mahali palipojaa gesi ya methani, akamwamuru akariri kwa sauti hotuba kutoka tamthilia ya Shakespeare. Mtoto alianza vizuri, pumzi zikampungua, miguu ikalegea, akaanguka. Alipofika sakafuni alipata nafuu, kwa sababu methani ni nyepesi na hukaa juu. Somo hilo hakulisahau maisha yake yote: gesi haionekani, lakini ina kanuni zake, na asiyezijua hulipa kwa mwili wake.

Mwaka 1906, akiwa na miaka 13, alizamishwa baharini huko Scotland. Baba yake alikuwa akifanya majaribio ya uzamiaji kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Uingereza. Vazi alilovalishwa kijana lilikuwa la mtu mzima na halikumbana vizuri mikononi, hivyo maji yakaanza kuingia na kupanda kifuani. Alitulia, akaendesha vali zake kama alivyofundishwa, akarudi juu akiwa mzima.

Mbuzi na chupa ya soda

Tatizo alilokuwa akilishughulikia baba huyo lilikuwa limeua na kulemaza wazamiaji wengi. Mtu anapoteremka majini, uzito wa maji humbana. Kila mita 10 huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa usawa wa bahari. Chini ya mgandamizo huo, naitrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, huyeyuka na kuingia kwenye damu na nyama za mwili.

Muuza soda yeyote anajua kinachofuata. Chupa ikifungwa, gesi imetulia ndani ya kinywaji na huioni. Ukifungua kwa ghafla, povu linafurika. Ukifungua kidogo kidogo, gesi inatoka taratibu na hakuna kinachomwagika. Mzamiaji anayepanda haraka ni chupa iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hujitokeza kwenye viungo, uti wa mgongo na ubongo, na anaweza kupooza au kufa.

Haldane mzee na wenzake walifanya majaribio kwa mbuzi ndani ya chumba cha mgandamizo jijini London. Matokeo waliyochapisha mwaka 1908 yalibadili kazi ya uzamiaji duniani kote. Mzamiaji hatakiwi kupanda moja kwa moja. Apande hadi kina fulani, asimame, asubiri, apande tena, asimame tena. Vituo hivyo ndivyo vinavyompa mwili nafasi ya kuitoa naitrojeni kupitia mapafu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayowafanya wazamiaji waonekane wanachelewa.

Vita na gesi ya sumu

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Haldane kijana alijiunga na jeshi. Aprili 1915, Wajerumani walitumia gesi ya klorini dhidi ya wanajeshi waliokuwa mahandakini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Baba yake alipelekwa Ufaransa kutafuta kinga, naye akamwita mwanawe atoke kwenye kikosi chake aje kusaidia. Kikundi kidogo cha wanaume kiliingia ndani ya chumba kilichojazwa klorini, wakijaribu barakoa mbalimbali na kupima muda ambao mtu anaweza kuvumilia. Walitoka wakikohoa na vifua vikiwaka. Baadaye JBS alirudi vitani na akajeruhiwa.

Baada ya vita alifundisha Oxford, kisha Cambridge, na mwaka 1933 akahamia Chuo Kikuu cha London. Huko nje ya uzamiaji ndiko alikopata umaarufu mkubwa zaidi, kwani alikuwa miongoni mwa watu watatu wanaotajwa kuweka hesabu chini ya elimu ya urithi na mabadiliko ya viumbe. Pia aliandika mamia ya makala za sayansi kwenye gazeti la wafanyakazi, akieleza mambo magumu kwa watu ambao hawakupita chuo kikuu.

Watu 99 ndani ya nyambizi

Juni 1, 1939, nyambizi mpya ya Uingereza iitwayo Thetis ilizama katika Ghuba ya Liverpool ikiwa kwenye majaribio. Ndani yake walikuwamo watu 103, wengi kuliko kawaida, kwa sababu mafundi wa kiwanda kilichoiunda nao walikuwamo. Mkia wa nyambizi ulionekana juu ya maji kwa saa nyingi, na bado watu wanne tu ndio waliotoka hai. Wengine 99 walikufa. Kilichowamaliza ni hewa ya ukaa, yaani hewa waliyoitoa wenyewe kwa kupumua, ambayo ilirundikana bila pa kutokea.

Vyama vya wafanyakazi ambavyo wanachama wao walifia humo vilitaka majibu. Vilimwomba Haldane achunguze. Yeye hakuanza na makaratasi. Alijifungia kwenye chumba cha chuma pamoja na wanaume wanne waliokuwa wamepigana vita vya Hispania, wakakaa zaidi ya saa 14 huku hewa ikiharibika, ili aone mwili unavyodhoofika na saa ngapi akili huanza kukosea. Walitoka na vichwa vikiwagonga, wengine wakitapika, lakini na vipimo mkononi.

Watu wa Ziwa Victoria wanajua maana ya uchunguzi huo. MV Nyerere ilipokuwa imelala kifudifudi, mhandisi mmoja alitolewa hai baada ya takriban siku mbili, akiwa ameokolewa na hewa iliyonaswa ndani. Miaka 22 kabla yake, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, waokoaji walitoboa tumbo la meli kuwafikia waliokuwa wakigonga kutoka ndani. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilitoka, na meli ikazama. Hewa iliyonaswa ni uhai, ila ni uhai wenye saa yake, na anayeigusa bila hesabu anaweza kuipoteza yote.

Oksijeni inapogeuka sumu

Baada ya uchunguzi wa Thetis, jeshi la wanamaji lilimkabidhi Haldane kazi kubwa zaidi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza. Wanajeshi walihitaji kutoka kwenye nyambizi zilizozama, na wengine walitakiwa kuogelea chini ya maji kimyakimya wakivuta oksijeni tupu, kwa sababu vifaa vyake havitoi mapovu ambayo adui anaweza kuyaona.

Oksijeni tupu ilionekana kuwa suluhisho la kila kitu. Haina naitrojeni, hivyo haileti yale mapovu ya damuni. Tatizo ni kwamba Mfaransa Paul Bert alikuwa ameshaonyesha tangu mwaka 1878 kwamba wanyama wanaovuta oksijeni chini ya mgandamizo mkubwa hupatwa na degedege na kufa. Kwa binadamu, mipaka ilikuwa haijulikani vizuri. Nani angekubali kupimwa?

Haldane alianza na yeye mwenyewe. Kazi ilifanyika kwenye vyumba vya mgandamizo vya kampuni ya Siebe Gorman, watengenezaji wa vifaa vya uzamiaji. Pamoja naye waliingia wenzake wa maabara, akiwamo Helen Spurway, ambaye mwaka 1945 alikuja kuwa mke wake. Hata Juan Negrín, aliyekuwa waziri mkuu wa Hispania na sasa mkimbizi, alijitolea kuingia chumbani.

Katika moja ya majaribio hayo, Haldane alipatwa na degedege kali kiasi kwamba misuli yake ilivunja pingili za uti wa mgongo. Maumivu yalibaki naye kwa muda mrefu. Mabadiliko ya mgandamizo pia yalimtoboa ngoma za masikio. Aliendelea na kazi.

Walichojifunza ndicho kinachowalinda wazamiaji leo. Degedege la oksijeni linaweza kuja bila onyo. Wakati mwingine midomo hutetemeka, masikio huvuma au macho huona kama kupitia bomba, lakini mara nyingi hakuna dalili. Mtu anayepatwa nalo nchi kavu huweza kuzinduka. Anayepatwa nalo majini hutema kifaa cha kupumulia na kuzama. Hewa ya ukaa ikirundikana mwilini, au mtu akifanya kazi nzito, hatari huongezeka.

Wakati wa vita hivyohivyo, daktari wa jeshi la wanamaji, Kenneth Donald, alipima mamia ya wazamiaji na kugundua jambo la kutisha zaidi. Mtu yuleyule anaweza kuvumilia muda mrefu leo na kuanguka baada ya dakika chache kesho. Hakuna mwenye mwili wa kuaminika. Kwa hiyo kinga pekee ni kuweka mpaka na kuuheshimu.

Hesabu ya mzamiaji wa sasa

Mpaka huo leo umeandikwa kwa tarakimu. Wazamiaji wa kina kirefu hutumia kipimo cha mgandamizo wa oksijeni pekee. Wakati wa kufanya kazi chini, kipimo kisizidi takriban 1.4. Wakati wa kupanda, mzamiaji akiwa ametulia bila kutumia nguvu, anaruhusiwa kufika 1.6.

Chukua kina cha Likoni. Kwenye mita 58, hewa ya kawaida tu, ambayo oksijeni yake ni kama asilimia 21, tayari inakaribia 1.4. Mzamiaji anafanya kazi kwenye ukingo wa hatari hata kabla ya kuongeza oksijeni.

Wakati wa kupanda, hali inageuka. Sasa anataka kuitoa naitrojeni haraka, na njia bora ni kuvuta mchanganyiko wenye oksijeni nyingi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huanza kutumika kwenye mita 21. Oksijeni tupu huanza kwenye mita sita, ambapo kipimo hufika 1.6. Akiivuta mita chache chini ya hapo, amevuka mpaka. Ndiyo maana kila mtungi huandikwa kwa maandishi makubwa kina cha mwisho unachoruhusiwa, na mzamiaji hawezi kubadili mtungi kabla mwenzake hajausoma na kuuhakiki. Wazamiaji wenye uzoefu wamekufa kwa kuchanganya mitungi miwili iliyofanana.

Muda nao huhesabiwa. Katika kipimo cha 1.6, mwongozo unaotumiwa na wengi ni dakika 45. Wanaokaa zaidi huacha oksijeni kwa dakika chache, wakavuta gesi yenye oksijeni kidogo, kisha wakarudi. Mapumziko hayo huupa ubongo na mapafu nafuu.

Ziwa Victoria linaongeza hesabu nyingine. Uso wake uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa juu yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Jedwali la kupanda lililotengenezwa kwa ajili ya bahari halifai kutumika hapa bila kurekebishwa. Mzamiaji anayetoka pwani kuja kusaidia ziwani akitumia jedwali lake la nyumbani anaweza kujiumiza akidhani amefuata kanuni zote. Nchi zinazochangia ziwa moja zina sababu ya kuwa na mafunzo na majedwali yanayolingana, kama zinavyohitaji mizani inayolingana mipakani.

Malaria na damu ya watu wa Kampala

Jina la Haldane linagusa Afrika Mashariki kwa njia nyingine pia. Mwaka 1949 alitoa wazo kwamba baadhi ya magonjwa ya damu ya kurithi yamebaki katika maeneo yenye malaria kwa sababu wanaobeba nusu ya urithi huo hupata kinga dhidi ya malaria. Yeye alifikiria zaidi watu wa Mediterania.

Aliyeonyesha kwa vipimo kwamba jambo hilo ni kweli kwa selimundu ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye alikuwa ameliwaza mwenyewe akiwa huku. Miongoni mwa aliowapima walikuwa watoto wa Kiganda katika eneo la Kampala. Matokeo yake ya mwaka 1954 yalionyesha kuwa watoto wenye nusu ya urithi wa selimundu hawakusumbuliwa na vimelea vya malaria kama wenzao.

Miaka ya mwisho

Haldane hakuwa mtu asiye na dosari. Alikuwa mkali, mgomvi na mwepesi wa kudharau wakubwa. Alijiunga na chama cha kikomunisti, na pale utawala wa Kisovieti ulipowatesa wataalamu wa elimu ya urithi, alichelewa kuupinga waziwazi. Wenzake wengi hawakumsamehe kwa hilo. Hatimaye alijitenga na chama karibu mwaka 1950.

Mwaka 1957 aliondoka Uingereza akiipinga sera yake, hasa uvamizi wa Suez, akahamia India. Alifanya kazi Calcutta, akavaa mavazi ya Kihindi, akachukua uraia wa nchi hiyo mwaka 1961, kisha akahamia Bhubaneswar. Huko ndiko saratani ilikomuua Desemba 1, 1964, akiwa na miaka 72. Aliacha wosia kwamba mwili wake upelekwe chuo cha udaktari, na ukapelekwa Kakinada ili wanafunzi wajifunzie.

Oksijeni iliyompa degedege ndiyo ileile inayotolewa kwa wagonjwa katika Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda iliyoko Naguru. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani, chini ya mgandamizo wa kawaida, hailetei degedege hilo. Kwa mzamiaji aliye mita kumi chini ya maji, akivuta gesi hiyohiyo ikiwa tupu, inaweza kumuua kabla hajaweza kumpungia mwenzake mkono.

Kwa hiyo, siku msiba utakapotokea tena, iwe Port Bell, Kisumu, Mwanza au Likoni, mzamiaji aliyening'inia mita sita chini ya uso wa maji kwa nusu saa bila kufanya chochote atakuwa yuko kazini. Kumpigia kelele apande haraka ni kumwomba aongeze idadi ya maiti.